Kuzamia meli zilizozama pwani yetu: mwongozo kamili wa Zanzibar, Diani na Mombasa

Mvuvi wa mshipi huijua meli iliyozama kabla ya mzamiaji yeyote. Haioni, lakini ndoana yake hunasa pale pale kila akipita, na chewa anaotoa hapo ni wakubwa kuliko wale wa kwenye mwamba. Sababu yake si miujiza. Chini ya maji, nje ya mwamba, sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Ukiangusha chuma hapo, matumbawe yanapata pa kushika, samaki wadogo wanapata pa kujificha, na wakubwa wanawafuata wadogo. Baada ya miaka michache pale palipokuwa jangwa pamekuwa soko.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye cheti cha awali cha kuzamia kwa mitungi, au anayekaribia kukipata, ambaye anataka kuziona meli hizo kwa macho yake na kurudi salama. Nimejikita kwenye meli nne, mbili za Unguja na mbili za Kenya, na nimezipanga kama ngazi. Ukiruka daraja, bahari haitakudai siku hiyo hiyo. Hungoja siku ambayo tochi imezimika na mkondo umegeuka.

Kwanza, chagua meli

Watu wengi huchagua kwa picha waliyoiona kwenye simu. Chagua kwa kina, halafu kwa namna meli ilivyozama. Hayo mawili yatakuambia karibu kila kitu kuhusu utakachokuta chini.

Anza na Great Northern, kwenye mwamba wa Fungu mbele ya Mji Mkongwe. Ilikuwa meli ya Waingereza ya kutandaza waya za telegrafu baharini, iliyoundwa 1870, na iligonga mwamba huo mwishoni mwa 1902. Kumbuka kwamba Zanzibar ilikuwa imeungwa na Aden kwa waya wa baharini tangu 1879, kwa hiyo meli za kazi hii hazikuwa ngeni bandarini. Leo imelala kwenye kina cha mita 12 hivi, imevunjika vipande, na vipande hivyo vimegeuka kuwa sehemu ya mwamba. Mwanga ni mwingi, hewa inadumu, na ukikosea kidogo una nafasi ya kujirekebisha. Wapo wanaoidharau kwa sababu haina umbo la meli kamili. Mimi naona ndiyo darasa bora kuliko zote, kwa kuwa inakulazimisha kuangalia: hili bati lililopinda ni ubavu au sitaha? Yale mataruma, mbavu za meli, yanaelekea wapi? Mikunga wanakaa humo, na samaki simba wenye miiba ya sumu pia, kwa hiyo macho kwanza, mikono baadaye. Au mikono isitumike kabisa.

Daraja la pili ni Alpha Funguo, huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Ni meli ndogo ya uvuvi iliyozamishwa kwa makusudi 2002 ili wazamiaji wapate pa kwenda. Iko kwenye mita 28 hivi. Udogo wake ndio uzuri wake: unaweza kuizunguka yote ndani ya dakika chache, na dakika chache ndizo utakazokuwa nazo kwenye kina hicho.

Ya tatu ni MV Dania, mbele ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, nje ya mwamba. Enzi zake ilibeba mifugo. Nayo ilizamishwa kwa makusudi 2002, na imekaa wima juu ya mchanga kwenye mita 30 hivi. Hii sasa ni meli hasa: ina omo, yaani mbele, ina tezi, yaani nyuma, ina sitaha ya kutembezea macho. Chewa, mizia na makundi ya kolekole ni wenyeji wake. Mzamiaji anayeshuka kwenye kamba na kuliona umbo zima likijitokeza taratibu kutoka kwenye ukungu wa buluu huwa anasahau kuangalia geji ya hewa. Nitarudi kwenye hilo.

Ya nne ni HMS Pegasus, manowari ya Waingereza katika maji ya bandari ya Zanzibar. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, ikavamiwa na manowari ya Kijerumani Königsberg iliyotoka kwenye delta ya Rufiji. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, na mapambano hayakuchukua muda. Walikufa mabaharia 38. Königsberg yenyewe ilirudi Rufiji na ikaishia huko tarehe 11 Julai 1915. Pegasus iko kwenye kina kirefu, katika maji yenye mikondo na vyombo vinavyopita, na haimfai mtu ambaye hajazoea mita 30. Kama hujafika daraja hilo, panda boti hadi kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, yalipo makaburi ya mabaharia wa Pegasus. Wengine walioizamia bila kufika Chapwani nadhani wameona nusu tu ya meli hiyo.

Kuna zile ambazo hazimo kwenye ngazi hii kabisa. Chini ya ngome ya Fort Jesus, kwenye bandari ya kale ya Mombasa, ipo Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama 1697 wakati ngome imezingirwa na Waomani. Wataalamu wa mambo ya kale walichimbua mabaki yake kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vingi viko ndani ya makumbusho ya Fort Jesus. Kavione huko, mguu mkavu. HHS Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya dakika 38 vya Waingereza na Zanzibar, usiitafute: mabaki yake yalivunjwa na kuondolewa. Na MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012, feri zilizozama na abiria, si sehemu za matembezi. Wako watu Unguja na Pemba ambao bado wanawahesabu waliomo. Mtu akikuahidi kukupeleka, mkatalie.

Cheti na mwili

Cheti cha awali kinakuruhusu hadi mita 18. Cheti cha pili, cha juu kidogo, kinakufikisha mita 30. Mwisho wa kuzamia kwa starehe ni mita 40, na huko unahitaji mafunzo ya kina. Kwa maana hiyo, ukiwa na cheti cha awali meli yako ni Great Northern. Kwa Alpha Funguo na Dania unahitaji cheti cha pili. Habari njema ni kwamba vituo vingi huweka kuzamia kwa kina na kuzamia meli ndani ya kozi hiyo hiyo, kwa hiyo Dania inaweza kuwa somo lako badala ya kuwa mtihani.

Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa karibuni na ujauzito ni mambo ya daktari kabla ya mambo ya mkufunzi. Mafua nayo usiyapuuze. Ukizama umeziba pua, masikio hayatafunguka, na dawa ya kuzibua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa itanaswa ndani wakati wa kupanda. Ahirisha. Pia hakikisha umechanjwa dhidi ya pepopunda, maana unakwenda kwenye chuma chenye kutu na ncha.

Msimu, kisha mwezi

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo ya meli. Bahari hutulia, maji husafika na joto lake hufika nyuzi 28 au zaidi. Oktoba na Novemba, upepo unapogeuka, huwa nzuri vile vile. Kusi ikishika, kuanzia Aprili au Mei, mawimbi hupiga moja kwa moja kwenye mwamba, mvua za masika hushusha tope kutoka mitoni, na vituo vingi vya Kenya hufunga kwa wiki kadhaa. Septemba ni ya kubahatisha.

Watalii wengi huishia hapo kwenye msimu. Mtu wa pwani anakwenda hatua moja zaidi, anautazama mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua: maji hupanda na kupwa kwa tofauti kubwa, ambayo Mombasa huweza kukaribia mita 4, na mikondo huwa mikali. Katikati yake, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu. Panga meli za kina kwenye maji mafu. Mara moja nilipanga Dania siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa kuwa ndiyo siku pekee niliyokuwa na ruhusa kazini. Tulishuka, mkondo ukatusukuma pembeni ya kamba, tukafika chini tukakuta mchanga. Tuliogelea dakika sita kuelekea ilikopaswa kuwa, hatukuiona, tukapanda. Nilikuwa nimelipa kutazama mchanga.

Ndani ya siku yenyewe, saa nzuri ni maji yanapokaribia kujaa na kutulia. Maji yanayoingia ni ya bahari kuu, masafi. Yanayotoka hubeba tope la mikoko na vijito. Boti nayo huvuka mlango wa mwamba kwa usalama zaidi maji yakiwa mengi. Jedwali la kujaa na kupwa linapatikana kwa urahisi, lakini muulize nahodha pia. Akisema "leo sivyo", usibishane naye ukiwa na karatasi mkononi.

Kituo na boti

Usianze na bei. Nenda kituoni jioni ya kabla, uangalie. Vifaa vimeoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi na kutundikwa kivulini, au vimetupwa kwenye beseni? Kompresa ya kujazia mitungi inavuta hewa kutoka wapi, karibu na ekzosi ya jenereta? Fungua mtungi kidogo unuse: hewa safi haina harufu wala ladha. Ukisikia mafuta, ondoka.

Halafu uliza maswali manne, waziwazi, bila aibu. Boti ina oksijeni ya huduma ya kwanza? Ina redio? Nani anabaki juu wakati sisi tuko chini? Chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo, ule wa mapovu ya naitrojeni mwilini ukipanda haraka, iliyo karibu iko wapi, na kwa sasa inafanya kazi? Kituo kizuri hujibu kabla hujamaliza swali. Nimewahi kupanda boti ambayo chupa ya oksijeni ilikuwepo, imefungwa vizuri kabisa, na ilikuwa tupu. Niligundua tulipokwisha kurudi, nilipoomba tu kuona geji yake. Tangu siku hiyo naomba kuona geji kabla nanga haijang'oka.

Uliza pia kama ada ya hifadhi ya bahari imo kwenye bei. Na kama huna bima ya kuzamia, ikate. Chemba si matibabu ya bei ndogo, na bima ya kawaida ya safari mara nyingi haiigusi kuzamia.

Vifaa vya ziada vya meli

Zaidi ya vifaa vya kila siku, vitatu. Tochi, hata mchana, kwa sababu chini ya mita 20 rangi nyekundu imekwisha kufa na meli yote huonekana ya kijivu na buluu. Ukiimulika, kutu na matumbawe hurudi na rangi zake. Kisu kidogo au mkasi wa kukatia kamba, kwa kuwa nyavu na mishipi hunasa kwenye meli miaka na miaka, na jarife ndani ya maji halionekani hadi limekushika. Vaa kisu mahali ambapo mikono yote miwili inafika, kifuani kuliko mguuni. Cha tatu ni boya refu la kupuliza, lile wazamiaji wanaloliita soseji, pamoja na kamba yake, ili ukipandia mbali na boti uonekane.

Suti ya milimita 3 inatosha kwa joto la kwetu, lakini iwe ndefu, mikono na miguu, kwa sababu ya kutu.

Hesabu ya hewa

Hapa chukua kalamu. Watu husoma sehemu hii harakaharaka, na ndiyo inayotofautisha kuzamia meli na kuogelea juu ya mwamba.

Mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia lita 20 hivi kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 unazoshuka huongeza bar 1 ya shinikizo, na pumzi hula hewa mara hiyo: juu ni 1, mita 10 ni 2, mita 30 ni 4. Kwa hiyo kwenye Great Northern, mita 12, unatumia lita 44 kwa dakika. Kwenye Dania, mita 30, unatumia 80. Mtungi ule ule.

Sasa fikiria mwenzio ameishiwa hewa chini ya Dania, na nyote wawili mnavuta kutoka mtungi wako, mmeshtuka, kila mmoja lita 30 kwa dakika. Pamoja ni 60 juu ya maji, 240 kwenye mita 30. Dakika moja ya kuelewana chini ni lita 240. Kupanda polepole, mita 9 kwa dakika, ni dakika tatu na nusu kwa shinikizo la wastani wa 2.5: lita 525. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5: lita 270. Jumla ni lita 1,035, yaani bar 86. Ndiyo maana, kwenye mita 30, naanza kupanda geji ikisoma bar 100, na sioni haya mtu akiniambia nimewahi.

Kutoka bar 200 hadi 100 ni lita 1,200. Gawanya kwa 80. Una dakika 15.

Dakika 15 tu kwa meli nzima. Na hata kama mapafu yako ni ya ajabu, kwenye mita 30 majedwali ya kuzamia hukuruhusu dakika 20 hivi bila kulazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni. Basi kabla ya kuruka majini amueni mtaona nini. Dania haikamiliki kwa mzamo mmoja, na haikuwekwa pale ili ikamilike.

Siku yenyewe

Mkufunzi atachora meli ubaoni. Nakili. Andika omo inaelekea wapi, kamba ya kushukia imefungwa wapi, mkondo unatoka upande gani. Kubalianeni ishara, hasa hii: chini ya maji dole gumba juu halimaanishi "poa", linamaanisha "tunapanda". Nimeona wageni wa kutoka bara wakimwonyesha mkufunzi dole kwa furaha, na wakapandishwa juu wakashangaa. Ya kusema uko salama ni duara la kidole gumba na cha shahada.

Kagueni vifaa vya mwenzenu, si vyenu tu. Fungua valvu ya mtungi mpaka mwisho, vuta pumzi mara nne ukiangalia geji. Sindano ikitikisika, valvu haijafunguka vizuri.

Shuka kwa kamba. Hata kama maji ni kioo, shuka kwa kamba, kwa sababu mkondo wa juu na wa chini hutofautiana. Sawazisha masikio mapema, kila mita, kabla hayajauma. Yakiuma, panda kidogo, jaribu tena. Yasipokubali, maliza hapo, boti haitakwenda bila wewe. Kwenye mita 5 simameni, angalianeni, kama kuna mapovu yanayovuja popote.

Meli itakapojitokeza, tulia juu yake kwanza. Angalia geji sasa, wakati ule ambao hutaki kuiangalia. Kisha elekea sehemu ya chini kabisa uliyopanga, dhidi ya mkondo, ili wakati wa kurudi ukiwa umechoka mkondo ukusukume nyumbani. Maliza sehemu za juu. Kwa meli iliyokaa wima kama Dania mpango huu ni rahisi: mchangani kwenye tezi, halafu ubavu, halafu sitaha, halafu kamba.

Kaa nusu mita kutoka kwenye chuma na usigonge mapezi chini. Tope linaloinuka kwenye meli ni unga wa kutu na mchanga mwembamba, na likiinuka halitulii haraka. Piga mapezi kwa miondoko ya chura.

Ukijisikia umefurahi kupita kiasi, au umesoma geji mara tatu bila kuelewa namba, ni ulevi wa kina. Naitrojeni hufanya hivyo kuanzia mita 30 hivi, kwa wengine mapema. Dawa yake ni kupanda mita chache. Mwambie mwenzio, usijikaze.

Kuisoma meli

Mzamiaji anayejua majina huona mara mbili. Tafuta omo kwanza, halafu nanga au tundu la mnyororo wake. Fuata ukingo wa sitaha hadi milango ya ngama, pale mizigo au, kwa Dania, mifugo ilipokaa. Tazama palipokuwa chumba cha nahodha, bomba la moshi, kisha nyuma kabisa usukani na mahali pa rafadha, yaani pangaboi.

Angalia pia meli ilikufa vipi. Iliyozamishwa kwa makusudi ina matundu yaliyokatwa kwa mpango, milango imeondolewa, mafuta yametolewa kabla. Iliyogonga mwamba kama Great Northern imesambaa kufuata nguvu ya mawimbi, na ukitafuta mwelekeo wa vipande utajua dhoruba zilipiga kutoka wapi. Hapa ndipo mvuvi mzee anaweza kukufundisha kuliko kitabu: muulize jioni, pale ufukweni, meli hiyo ilikuwa na umbo gani miaka kumi iliyopita na nini kimeanguka. Chuma hakidumu. Dania imekwisha kaa majini zaidi ya miaka 20, na sehemu iliyokuwa salama kupita chini yake mwaka juzi si lazima iwe salama leo.

Kuingia ndani

Usiingie.

Nikisema hivyo watu hunionyesha picha za wenzao ndani ya Dania. Kupita chini ya paa lililo wazi pande zote mbili, mkufunzi akiwa mbele na mwanga wa nje ukionekana muda wote, ni jambo moja. Kuingia chumba ambacho lazima urudi kwa mlango ulioingilia ni jambo jingine, na lina mafunzo yake: kamba ya kurudia inayofungwa nje, tochi mbili au tatu kwa kila mtu, na kanuni ya theluthi, yaani theluthi ya hewa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Rudi kwenye hesabu ya juu. Theluthi ya mtungi kwenye mita 30 ni dakika 10 hivi, ukiwa mtulivu. Tope likiinuka humo ndani, utulivu hubaki mlangoni.

Kutoka mikono mitupu

Kwenye Great Northern vigae na vipande vya chupa vimewahi kuonekana. Viache. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unavihesabu kuwa urithi vitu vilivyokaa chini ya maji angalau miaka 100, na Great Northern na Pegasus zote zimeshavuka hapo. Sheria zetu za mambo ya kale, za Kenya na za Tanzania, nazo zina meno. Halafu kuna sababu ya kawaida kabisa: kigae kilichokaa majini karne nzima, ukikianika dirishani bila kutolewa chumvi kwa utaratibu, huanza kupasuka na kubanduka. Utakuwa umeiba takataka.

Nanga ya boti isitupwe juu ya meli. Kama hakuna boya la kudumu, nahodha atupe mchangani, pembeni.

Kupanda, na safari ya bara

Panda mita 9 kwa dakika au polepole zaidi, simama mita 5 kwa dakika 3, zaidi kama hewa ipo. Inua soseji kabla hujatokeza, mashua za uvuvi na boti za mwendo kasi hazikuoni. Ukiwa botini kunywa maji, kaa kivulini, usinyanyue mitungi ya wenzako kwa sifa. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio na maelezo ndani ya saa 24 ni wa kuambiwa mkufunzi mara moja na kupewa oksijeni, si wa kulaliwa usiku kucha kwa matumaini.

Kila mtu hukumbuka kwamba hakuna kupanda ndege baada ya kuzamia: angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 baada ya mizamo kadhaa, na mimi huhesabu 24. Wanachosahau ni barabara na reli. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400, na miili yetu haijui kama tumefika huko kwa ndege au kwa basi. Tahadhari ya kuruka huanza kuhusu miinuko ya mita 600 hivi, na basi la usiku kutoka Mombasa huwa limevuka hapo ungali umelala. Anayetaka kuzamia Zanzibar na kupanda Kilimanjaro apange mlima kwanza, meli baadaye.

Kwa hiyo zamia Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Jumamosi mchana osha vifaa, andika kwenye daftari kina, dakika, bar ulizoanza na ulizomaliza, na mkondo ulitoka wapi. Kula samaki Mji wa Kale. Tiketi ya Nairobi kata ya Jumapili jioni.